WANGA WA MUHOGO NA KAZI YA KUBEBA DAWA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Katika siku kama hii desturi ni kuhesabu yaliyotendeka. Hesabu hiyo mmekwisha kuisikia kwa Bwana Mwenyekiti na kwa Mtunza Hazina, nasi hatutairudia. Kamati imetuagiza tuseme juu ya jambo moja lililozungumzwa sana katika vyama vya msingi tangu mavuno yaliyopita, nalo ni habari kwamba muhogo wetu waweza kuingia katika viwanda vya dawa. Wako wanachama walioipokea habari hiyo kwa furaha hata wakaanza kuhesabu bei. Wako na wengine waliocheka, wakasema kwamba muhogo ni chakula cha siku za njaa na dawa ni kazi ya ng'ambo. Makundi yote mawili yapasa kuijua kweli ilivyo, maana Mkutano Mkuu utatakiwa kukata shauri kama sehemu ya akiba yetu itumike kujenga kituo cha kutengenezea wanga, au isitumike. Si vema mtu apige kura juu ya jambo asilolijua.

Wala si jambo dogo. Muhogo ukisha kung'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu. Mnunuzi ajaye na lori lake hulijua hilo kama tulijuavyo sisi. Hana haja ya kubishana na mkulima. Akae chini ya mwembe tu, jua litambishania. Wanga mkavu uliowekwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika, na mwenye mali isiyooza huweza kusema "hapana". Kwa hiyo shauri hili, pamoja na kuwa la elimu, ni la bei ya jasho letu.

WANGA NI KITU GANI

Kwanza tuondoe jambo moja la kuchekesha. Wanga tunaousema leo si wale wanaotembea usiku. Kila mama aliyekuna muhogo, akaukamua katika maji na kuyaacha yatulie, ameuona wanga: ni ule unga mweupe uliotuama chini ya bakuli. Dobi aujua kwa kanzu zinazosimama, na mtoto aujua kwa gundi ya kubandikia tiara.

Wanga ni akiba ya chakula ambayo mmea hujiwekea. Ukitazamwa kwa hadubini huonekana kuwa punje ndogo sana. Zile za muhogo nyingi hazifiki sehemu moja katika ishirini na tano ya milimita kwa upana. Kila punje imejengwa kwa minyororo ya sukari iitwayo glukosi. Iko minyororo iliyonyooka, iitwayo amilosi, na iko yenye matawi mengi, iitwayo amilopektini. Katika mahindi ya kawaida amilosi ni kama robo ya wanga wote. Katika muhogo ni kidogo zaidi, aghalabu haizidi sehemu moja katika tano. Tofauti hiyo jikoni haionekani sana, lakini kiwandani hubadili mambo mengi.

Katika maji baridi wanga hauyeyuki, bali hutuama. Maji yakipata moto wa kadiri ya nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, punje huvimba, hupasuka, na maji huwa uji mzito. Yeyote apikaye uji ameyaona mageuzi hayo, na kazi nyingi tutakazozitaja sasa zimetokana nayo.

KAZI TATU NDANI YA KIDONGE

Mwaka 1843 Mwingereza mmoja, William Brockedon, alipewa hati ya serikali kwa uvumbuzi wake wa kushindilia unga ndani ya kalibu mpaka ukawa kidonge. Tangu siku hizo vidonge vimeenea dunia nzima, na wanga umekuwa miongoni mwa vitu vitumikavyo sana kuvitengeneza. Kazi zake ni tatu.

Ya kwanza ni kukipa kidonge mwili. Tuchukue dijoksini, dawa ya moyo itokanayo na majani ya mmea. Kidonge chake cha kawaida kina miligramu 0.25 tu za dawa yenyewe. Gramu moja ya dawa hiyo, ambayo yatosha katika ncha ya kijiko, hugawanywa katika vidonge 4,000. Hakuna vidole viwezavyo kushika punje ndogo kiasi hicho, wala muuguzi hawezi kuihesabu. Basi dawa huchanganywa na kitu kisichodhuru, na aghalabu kitu hicho huwa ni wanga, au sukari ya maziwa, au vyote viwili, ndipo kipatikane kidonge cha kushikika.

Kazi ya pili ni kuwa gundi. Wanga hupikwa ukawa uji, ukakandwa pamoja na unga wa dawa, ili kidonge kisivunjike ndani ya kopo wakati lori linaporuka mashimo ya barabara zetu.

Kazi ya tatu ni kinyume cha ya pili. Kidonge kikisha kumezwa hakina budi kuvunjika upesi, maana dawa iliyofungwa haimponyi mtu. Wanga mkavu, ukitiwa kwa kadiri ya sehemu 3 hadi 25 katika kila 100, hunywa maji ya tumbo na kukifumua kidonge. Kanuni za dawa za Ulaya zinataka kidonge cha kawaida kisichopakwa kitu juu kiwe kimevunjika katika dakika 15, ndani ya maji yenye joto la mwili wa mtu.

Ndugu Wanachama, tutafakari kidogo hapo. Kitu kimoja chatakiwa kushika njiani na kuachia tumboni. Kikishika mno, mgonjwa amemeza jiwe, nalo litatoka kama lilivyoingia. Kikilegea, kopo litajaa vumbi. Mtu aweza kununua dawa ya kweli, kwa fedha ya kweli, yenye kipimo cha kweli, na bado homa yake isishuke, kwa sababu mbebaji wa dawa hakuifanya kazi yake.

WANGA ULIOGEUZWA

Kwa kuwa wanga wa asili una mipaka yake, wataalamu wametafuta njia za kuugeuza. Njia ni nyingi. Tutaeleza tano, kuanzia iliyo nyepesi.

Njia ya kwanza ni kuupika wanga, kuukausha na kuusaga tena. Wanga wa namna hiyo huvimba hata katika maji baridi, na huweza kushindiliwa pamoja na dawa pasipo kazi ya kupika gundi upya. Humo mna moto na maji tu.

Njia ya pili ni kuutia wanga dawa za kikemia zinazofunga minyororo yake kwa viungo na kuitia sehemu zenye kupenda sana maji. Hupatikana unga uitwao sodiamu glaikoleti ya wanga, ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa viazi ulaya. Huo hunywa maji na kuvimba mara nyingi kupita ukubwa wake. Kwa hiyo hauhitajiwi mwingi. Sehemu 2 hadi 8 katika 100 hutosha kukipasua kidonge.

Njia ya tatu ni ya kuchelewesha. Ukichukua wanga wenye amilosi nyingi na kuifunga minyororo yake kwa kiasi, hupatikana kitu ambacho kikiingia majini hujifanyia utandu kama wa ute mzito, na dawa hupenya polepole. Nchini Kanada ulitengenezwa wanga wa mahindi wa namna hiyo, ukaitwa Contramid. Umetumika kubeba tramadoli, dawa ya maumivu, ili mgonjwa ameze mara moja tu kwa siku. Mwenye kuuguza mzee nyumbani ataona faida yake: kidonge kimoja hakisahauliki kama vinne.

Njia ya nne ni kuutumia wanga usiomeng'enywa na tumbo wala utumbo mwembamba, ufike mzima katika utumbo mpana. Huko vijidudu wema huuchachusha, na mazao ya uchachu huo huusaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, kusini mwa India, walitangaza jaribio lao juu ya wagonjwa 48 wa kipindupindu, vijana na watu wazima. Baadhi yao walipewa maji ya chumvi na sukari yaliyotiwa gramu 50 za wanga huo wa mahindi katika kila lita. Hao walipoteza maji kidogo zaidi, na kuhara kwao kulikoma mapema kuliko kwa wale waliopewa maji ya chumvi na sukari peke yake. Sisi tunaokaa katika nchi ambazo kipindupindu kimebisha hodi mara nyingi, habari hiyo si ya kupuuza.

Njia ya tano ni ya ajabu kuliko zote. Mwaka 1891 Mfaransa aitwaye Villiers alipata, katika wanga wa viazi uliochachushwa na vijidudu, fuwele za kitu kipya. Baadaye Franz Schardinger, aliyefanya kazi yake huko Austria, akaeleza jinsi ya kukipata. Leo kinaitwa saiklodekstrini, na hutengenezwa kwa kimeng'enya kinachoukata mnyororo wa wanga na kuunganisha ncha zake, ikawa pete ya glukosi sita, saba au nane. Pete hiyo kwa nje yapenda maji, na kwa ndani yapenda mafuta. Ziko dawa nyingi zisizokubali kuyeyuka katika maji. Zikiingia ndani ya pete hukubali, kama mzigo uliotiwa kapuni ukaweza kuvushwa mto. Dawa ya ukungu iitwayo itrakonazoli, ile ya maji, hubebwa hivyo. Na katika mwaka 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoenea, dawa ya remdesiviri iliyotiwa wagonjwa mishipani ilikuwa imebebwa na saiklodekstrini iliyogeuzwa. Katika hospitali zilizoitumia, wauguzi walining'iniza chupa ambazo ndani yake mlikuwa na mjukuu wa wanga.

ONYO

Yafaa hapa tuseme na upande wa pili, maana msemaji asifuye tu hana tofauti na mpiga debe.

Kwa miaka mingi wanga uliogeuzwa kwa njia iitwayo haidroksiethaili ulitiwa katika dripu, ili kujaza damu kwa wagonjwa mahututi. Wengi waliona kwamba, kwa kuwa umetokana na chakula, hauwezi kudhuru. Mwaka 2012 yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa la nchi za Skandinavia, lililofanywa kwa wagonjwa wapatao 800 wenye maambukizo makali yaliyoenea mwilini. Katika waliopewa wanga huo, watu 51 katika kila 100 walikuwa wamekufa ilipotimia siku ya 90. Katika waliopewa maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali, walikufa 43 katika 100. Pia mafigo yao yalipata madhara zaidi. Yalifuata maonyo ya serikali mbalimbali, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ruhusa ya kuuza dripu hizo.

Jambo hili halikatazi wanga ndani ya vidonge, ambao humezwa na kupita njia ya chakula. Kutia kitu tumboni na kukitia mshipani ni mambo mawili mbalimbali. Lakini latufundisha kwamba neno "asili" si cheti. Kila mbebaji wa dawa hupimwa kama dawa yenyewe inavyopimwa, na anayeuza malighafi kwa ajili ya wagonjwa ajiandae kuulizwa maswali.

MUHOGO WETU KATIKA MAMBO HAYA

Je, muhogo unakubaliwa? Naam. Wanga wa muhogo umeandikwa katika vitabu vya kanuni za dawa vya Uingereza na Marekani, pamoja na wanga wa mahindi, viazi na ngano. Huko Nigeria wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ibadan wamefanya kazi nyingi ya kuchunguza wanga wa viazi vikuu na wa mazao mengine ya Afrika kwa ajili ya vidonge. Na viwanda vya dawa vya Afrika ya Mashariki huagiza malighafi zake nyingi kutoka nchi za nje. Mlango basi upo. Lakini una kizingiti, na kizingiti chenyewe ni usawa: wanga wa leo uwe kama wa jana, na wa mwaka ujao uwe kama wa mwaka huu.

Kiwanda cha dawa kinaweza kuvumilia wanga wa ghali, lakini hakiwezi kuvumilia wanga unaobadilika. Kidonge kilichopimwa kuvunjika katika dakika 15 kikitengenezwa kwa wanga mwingine huenda kisivunjike. Ndiyo maana hupimwa unyevu, ambao kwa wanga wa mahindi, kwa mfano, haurusiwi kupita sehemu 15 katika 100. Hupimwa hata kutu: chuma kisipite sehemu 10 katika milioni moja. Vijidudu vya kinyesi na vya homa za matumbo havitakiwi kuonekana kabisa.

Sasa tutazame mashamba yetu. Muhogo wa miezi tisa hauna wanga sawa na wa miezi kumi na minane. Mvua zikirudi baada ya kiangazi, mmea huila akiba yake ili kuchipusha majani mapya, na wanga hupungua. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu Storey wa Amani, nchi yetu ilipokuwa bado Tanganyika, katika mwaka 1936, huozesha mzizi kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi ambayo huondoka kwa kukunwa, kuoshwa na kukaushwa vema. Na sumu hiyo ikitoka katika muhogo huingia katika maji ya kuoshea. Zaidi ya hayo kuna mashine za kukunia zenye kutu, maji ya kisima yenye tope, na ule ukaushaji wa juu ya ardhi ambapo kuku na mbuzi hupita bila kuomba ruhusa.

Mkulima mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyashinda yote hayo. Akisafisha wake, utachanganywa na wa jirani asiyesafisha, na samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hapo ndipo twauona ushirika kwa sura nyingine. Kwa miaka kumi tumeuhesabu ushirika kuwa ni nguvu ya kuuza pamoja. Kazi hii yataka nguvu ya kufanya sawasawa: watu mia kadhaa walime, wavune na waoshe kana kwamba ni mkono mmoja. Tajiri aweza kununua mashine kesho asubuhi, lakini mwafaka wa namna hiyo haununuliwi dukani. Miaka kumi ya kupimiana kwa mizani moja imetupa mwanzo wake.

SHAURI LETU

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaomba Mkutano Mkuu uyafikirie mambo haya.

1. Mtu yeyote asipande muhogo kwa kutumaini bei ya dawa. Wanunuzi wa kwanza wa wanga, kama kituo kitajengwa, watakuwa ni wa chakula, wa nguo na wa gundi ya makaratasi. Viwanda vya dawa huja nyuma, vikisha kuona vitabu vya miaka kadhaa. Wala kituo chetu hakitageuza wanga kwa kemia. Kazi yetu ni kutoa wanga safi ambao wengine wataugeuza.

2. Kila chama cha msingi kichague aina moja ya mbegu safi, na zamu za kuvuna zipangwe, ili muhogo ufikishwe kituoni siku ile ile ung'olewayo.

3. Kabla ya kununua mashine kubwa, yapatikane maji safi, mashine za kukunia zisizoshika kutu, na vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa juu ya ardhi. Shimo la maji machafu lichimbwe mbali na kijito, maana hatuwezi kutafuta dawa ya watu wa mbali kwa kuua samaki na ng'ombe wa majirani.

4. Kila gunia lipewe namba, na kitabu kionyeshe limetoka chama gani, limevunwa siku gani, na nani amelipima. Mwanachama atakayekataliwa gunia lake aelezwe sababu kwa maandishi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi; yahitaji uaminifu, na twaweza kuianza kwa unga na makopa tunayouza sasa.

5. Kamati ilete hesabu kamili ya gharama na ya hasara iwezayo kutokea, isomwe katika kila chama cha msingi kabla ya kura. Atakayeona kuwa shauri halifai aseme bila hofu. Akiba hii ni ya wanachama, nao ndio wenye neno la mwisho.

Tumalize kwa jambo moja. Katika biashara nyingi mkulima hamjui mlaji wa mali yake. Katika hii, mlaji twamjua. Kidonge kitakachotengenezwa kwa wanga wa muhogo, popote pale, huenda siku moja kikarudi katika zahanati yetu, kikawekwa katika kiganja cha mama mwenye mtoto mgonjwa, na mama huyo huenda akawa ni mwanachama wa Chama hiki. Hatauliza wanga ulitoka wapi, wala hataweza kujua kama gunia lilioshwa vema au lilifichwa mchanga katikati. Atakiamini tu. Tukilikumbuka hilo kila tunaposimama mbele ya mizani, hata kama kituo hakitajengwa mwaka huu wala ujao, unga wetu utakuwa bora kuliko ulivyokuwa.

  Chama chetu na kidumu.